Kona za Chumba cha Kujifungulia

Juzi nilikuwa natoka dukani hapa Ngokolo, Shinyanga, nikakuta vijana wanapandisha ukuta wa fremu za biashara. Wamesimamisha kidude chenye miguu mitatu kinachotoa mstari mwekundu wa mwanga, na mstari unazunguka ukuta mzima kwa usawa, bila kamba, bila mtu kufumba jicho moja. Nilisimama barabarani na mfuko wangu wa sukari, nikaona wivu. Miaka yote nimeinama kwenye kamba mgongo ukapinda, kumbe dawa yake inauzwa dukani, na anayeitumia ni mtoto mwenye hereni sikio moja ambaye hata salamu yangu hakuisikia, masikio yote yamezibwa na muziki.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mke wangu, Mama Neema. Akasema mimi hata jirani akipiga chafya vizuri nitalalamika kwamba amenizidi. Hajakosea. Nimekuwa mtu wa wivu tangu siku niliyoshika mwiko mpaka siku niliyouweka chini, na sina mpango wa kuacha uzeeni. Nyie mnaojifunza uashi mmeshaambiwa kanisani na msikitini kwamba wivu ni kitu kibaya. Huenda ni kibaya kwenye ndoa. Kwenye uashi, mimi ndio ulionilea.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Selemani, mtu wa Tabora aliyehamia Shinyanga mjini. Mkali, hana maneno mengi, na kofia yake haikuchafuka hata siku ya kumwaga zege. Tulikuwa wanafunzi wake wawili: mimi Maduhu, na Luhende, tuliyetoka naye kijiji kimoja. Jina la kijiji silitaji, maana wenyewe wapo, na wakiyasikia haya watanifuata mpaka hapa. Kiko mbele ya Kahama. Ukiiacha lami unaingia kwenye vumbi, ukimaliza vumbi unaingia kwenye mbuga ya udongo mweusi, na mvua ikinyesha huingii kabisa.

Kwa Fundi Selemani kulikuwa na vyeo viwili tu. Kuna fundi wa kona na kuna fundi wa katikati. Wa kona anapandisha pembe ya nyumba kwanza. Anapima wima kwa timazi, anapima ulalo kwa pimamaji, anahakikisha pembe ni mraba kwa kupima tatu upande huu, nne upande ule, halafu mshazari usome tano. Ikishasimama kona hii na kona ile, kamba inafungwa kati yake, na fundi wa katikati anajaza matofali akiifuata. Wa katikati akikosea, anang'oa matofali mawili anaanza upya. Wa kona akikosea, nyumba nzima imekosea, na mnaweza msijue mpaka mmefika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Luhende alipewa kona kabla yangu. Fundi Selemani alisema Luhende hana papara. Mimi nilikuwa na mkono mzuri kumshinda, na kila mtu pale alijua, hata Luhende mwenyewe. Lakini nikawekwa katikati, najaza, huku namwona yule kule pembeni anafuta pimamaji kwa kitambaa kila baada ya tofali, eti isiingie vumbi. Niliumia, wanangu. Chakula kilikuwa hakipiti.

Basi jioni wenzangu wakienda kunywa chai, mimi nabaki nyuma ya stoo napandisha kona yangu ya uongo kwa vipande vya matofali, napima, nabomoa, naanza tena. Hapo ndipo nilipojifunza mambo ambayo mwalimu hasemi. Kwamba tofali la kuchoma lazima linyweshwe maji kabla ya kujengea, la sivyo litanyonya maji yote ya mchanganyiko na kesho yake utaling'oa kwa mkono. Kwamba tofali la kwanza la kona ndilo la kulikawilia, mengine yote yatakwenda haraka. Kwamba ukichoka, jicho linaanza kukubali vitu, kwa hiyo kona haijengwi na mtu aliyechoka. Nisingekuwa na wivu ningekwenda kunywa chai.

Baadaye nilipewa kona, na nilipompita Luhende nilimpita moja kwa moja. Kazi ikatutawanya. Mimi nikakimbilia Geita, kwenye dhahabu, siyo kuchimba bali kuwajengea waliochimba. Wachimbaji nawapenda, lakini kumjengea mchimbaji kunataka moyo. Kuna mmoja duara lake lilitema, yaani shimo lilimpa dhahabu, akataka nyumba ya kuonekana. Tumechimba msingi, tumemwaga zege, tuko kwenye kozi ya pili ya matofali, akaja mbio kutoka kwa mganga wake. Ameambiwa mlango mkubwa lazima ulitazame duara, la sivyo dhahabu itahama. Duara lenyewe liko nyuma ya nyumba. Nilimsihi, akakataa. Tukageuza ramani juu ya msingi ule ule, ikawa wageni wakija wanapokelewa na jiko na choo, na sebule nzuri inatazamana na shimo. Na wiki ile ile Luhende akanitumia picha kwa simu, yuko Chato anajenga kanisa lenye mnara. Niliiangalia picha ile nikaizima, nikaiwasha tena, nikaizima.

Sasa niwaeleze kwa nini chumba kimoja cha kituo cha afya kilinitia wivu kuliko minara yote.

Kabla ya Geita, nikiwa bado kijana na nimerudi kijijini, nilikuwa na mke, Minza. Mimba ya kwanza. Uchungu ulimwanza asubuhi, katikati ya masika. Kijijini hatukuwa hata na zahanati. Tulikuwa na Bibi Holo, mkunga wetu wa jadi, mama aliyetupokea karibu wote. Akamshika Minza tumboni, akasema mtoto amekaa vibaya, hiyo siyo kazi yake, twende Kahama. Hakukuwa na bodaboda zama hizo. Tulimlaza kwenye gari la ng'ombe. Tulipofika kwenye mbuga, gari likazama. Mimi niko mbele nawavuta ng'ombe kwa pembe, Bibi Holo yuko nyuma amempakata Minza kichwa. Minza alifia pale pale kwenye gari, na mtoto tumboni. Ng'ombe walipokubali kutoka, tulikuwa hatuna tena sababu ya kwenda Kahama.

Mwaka huo huo mke wa Luhende alijifungua mapacha nyumbani, mikononi mwa Bibi Holo huyo huyo, bila tatizo lolote. Kulwa na Doto. Wawili, wazima, mama yao keshokutwa yake yuko kisimani. Luhende hakunikosea kitu. Alikuja msibani kwangu, alichimba kaburi, alilia. Na mimi nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kwenda kuwaona wale watoto. Ndipo nilipohama.

Miaka ikapita. Siku moja nikapigiwa simu Geita na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kijiji. Wananchi wameamua kujenga kituo cha afya. Mpango ulikuwa ule mnaoujua: wananchi wanapandisha boma, yaani kuta bila paa, kwa nguvu zao mpaka kwenye linta, na wakaguzi wakilikubali, serikali inapaua, inamalizia na kuleta vifaa. Boma likikataliwa, mabati yanakwenda kwa jirani mwenye boma zuri. Mwenyekiti akaniomba nirudi niwe mmoja wa mafundi. Nikauliza mwingine ni nani, ingawa nilishajua jibu.

Nilirudi na vifaa vyangu. Nikamwambia mwenyekiti kwamba sina sharti ila moja: jengo lolote wanipe au wasinipe, lakini chumba cha kujifungulia nakijenga mimi, kona zote nne, kwa mkono wangu. Sikueleza sababu, maana hakuna mtu kijijini asiyeijua. Njia nzima kutoka Geita nilikuwa nimekijenga kichwani. Nilitaka pawepo mahali ambapo mwanamke hatapandishwa gari la ng'ombe, na nilitaka pawe pametoka kwangu. Hilo ndilo tu nililokuwa nalitaka duniani wakati ule.

Mkutano ulifanyika darasani shule ya msingi, wazee wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Mwenyekiti akatangaza kazi: Maduhu chumba cha kujifungulia, Luhende jengo la wagonjwa wa nje. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha Bibi Holo akasimama. Alikuwa amezeeka sana, lakini alipoinuka darasa lilinyamaza.

"Maduhu ni fundi kumpita Luhende," akasema. "Hilo hata mbuzi wanalijua. Lakini chumba cha uzazi hakianzwi na mkono uliozika mzazi. Kianzwe na mtu wa mabasa."

Mabasa kwa Kisukuma ni mapacha, na kwetu mtu aliyezaa mapacha si mtu wa kawaida. Anaheshimiwa, anaogopwa kidogo, ana mambo yake. Mwinjilisti wa kanisa alikohoa, akasema hizo ni imani za zamani. Wanawake waliokaa nyuma wakamgeukia wote kwa pamoja, akatafuta kitu cha kusoma kwenye Biblia yake. Nikasimama. Nikamwamkia Bibi Holo, nikamwambia hakuna mtu mle ndani anayejua kama mimi chumba kile ni cha nini.

"Ndiyo maana, baba," akanijibu, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililoniumiza zaidi. "Ukijenga wewe, kila tofali utamwekea Minza. Utatujengea kaburi. Wanaokuja kulala mle hawaendi kufa."

Nikakaa. Wanawake wakainua mikono, wanaume wakafuata. Ikaamuliwa tubadilishane: Luhende ajenge chumba cha kujifungulia, na mimi nisiweke pale hata tofali moja. Luhende alikuwa anaangalia miguu yake. Hakukataa. Nilimsubiri akatae, na hakukataa.

Kazi ikaanza. Kila kitongoji na siku yake: hawa mchanga, hawa mawe, wanawake maji ya ndoo kutoka bwawani huku wanaimba. Na maji yote yalianza kwa Luhende. Mimi nikiitisha maji naambiwa ngoja, Baba Kulwa hajapata. Siku ya tofali la kwanza Kulwa na Doto waliitwa, wameshakuwa watu wazima wenye ndevu, wakasimama kwenye kona mbili wakati baba yao analaza lile tofali, na vigelegele vikapigwa mpaka kunguru wakaruka. Mimi upande wangu nilikuwa nachimba kuutoa ule udongo mweusi. Sikilizeni hili kwa makini, maana litawaokoa: udongo mweusi kiangazi unapasuka, masika unavimba, na ukijenga juu yake ukuta utacheza. Unauchimba wote mpaka ukute ardhi ngumu, unarudishia changarawe, unashindilia. Nilishindilia changarawe ile kwa hasira, na msingi wangu mpaka kesho haujachanika.

Kuta zangu nazo zilipanda zimenyooka. Lakini macho yalikuwa upande wa pili. Nilikuwa natafuta sababu za kupita kule, mara nimeenda haja, mara nimesahau mwiko. Na hivyo ndivyo nilivyoiona. Kona ya kaskazini ya chumba cha kujifungulia ilikuwa inakwenda nje. Kidogo tu, unene wa kidole, lakini inazidi kila kozi. Ukuta wa namna hiyo ukifika juu, kenchi za paa hazitakaa, na mkaguzi anayejua kazi yake hahitaji hata kushuka kwenye gari.

Nikamwambia mwenyekiti. Akanishika bega, akasema, "Fundi Maduhu, tunakuelewa." Nikawaambia vijana wa zege, wakatazamana. Nikawaambia wanawake wa maji, na hao ndio walikuwa wabaya kuliko wote, maana kesho yake nilikuta nimeshatiwa kwenye wimbo. Walikuwa wanapanda kutoka bwawani wanaimba habari za fundi mwenye jicho lililopinda, anayeona kila ukuta wa mwenzake umelala. Wimbo ulikuwa mzuri, hilo siwanyimi. Nilichojifunza ni kwamba mtu akishajulikana ana wivu, hata akisema moto unawaka watu wanauliza anamchukia nani.

Ningeweza kunyamaza. Boma lingekataliwa, Luhende angeaibika, na labda wangenipa mimi. Niliwaza hivyo, sioni haya kuwaambia. Lakini mabati yangekwenda kijiji kingine, na pale pangebaki kuta nne za kufungia mbuzi. Kila nilipofika hapo kwenye mawazo yangu, nilikwenda kuitazama tena kona ile.

Siku iliyofuata, mchana, watu wote wamekwenda kula ugali, mimi nimebaki kwenye kivuli cha ukuta wangu. Luhende akaja na pimamaji kwapani. Akakaa karibu yangu, akanyoosha miguu.

"Kona ya kaskazini," akasema. "Umeiona."

"Nimeiona, na nimeimbiwa."

Hakucheka. Akasema, "Jicho langu la kulia limeingia ukungu. Kamba nikiitazama naona mbili. Nyumbani sijawaambia."

Nikamuuliza kwa nini hakukataa kazi darasani mbele za watu. Akasema nani anaweza kumkatalia Bibi Holo. Kisha akachora mavumbini kwa kidole, na aliposema tena hakunitazama.

"Na nilikuwa nataka mara moja tu nichaguliwe na wewe upo, Maduhu. Kwa Fundi Selemani nilipewa kona kwa sababu ya upole. Jioni nilikuwa nakuona nyuma ya stoo unajifundisha. Nilijua siku zangu zimekwisha. Nakuonea wivu tangu siku zile mpaka leo hii."

Vijana, nimesifiwa na wahandisi, nimesifiwa na mapadri. Hakuna sifa iliyowahi kuniingia kama ile. Mtu mwenye mapacha, mwenye mke hai, mwenye mnara Chato, ananionea wivu mimi. Nilitaka arudie. Nikamwomba arudie, akaninyima.

Nikamkumbusha kwamba mimi nimekatazwa kuweka tofali pale. Akasema wamenikataza tofali, kamba hawajaitaja. Tukainuka. Akaibomoa kona yake mwenyewe mpaka kwenye msingi, na wanawake waliporudi na ndoo wakakuta Baba Kulwa anavunja ukuta, na mimi nimechuchumaa upande wa pili nimeshika kamba. Wimbo ulikatika. Mtu akatumwa kumwita Bibi Holo.

Alikuja na fimbo yake, taratibu. Alinijia, akaniambia nimwonyeshe mikono. Nikamwonyesha. Haikuwa na hata chembe ya saruji. Akaitazama mbele na nyuma, akatafuta jiwe, akakaa juu yake, akawaambia wanawake kwamba fundi anasubiri maji.

Tangu hapo tukajenga hivyo. Asubuhi vijana wangu wakiendelea na jengo langu, mimi nakwenda kwa Luhende. Nafumba jicho moja, nasema: ndani kidogo, gonga, acha, hapo hapo. Mikono ni yake, jicho ni langu. Msifikiri ilikuwa tamu. Kumtazama mtu mwingine akilaza tofali ambalo wewe ungelilaza vizuri zaidi, tofali baada ya tofali, mpaka kwenye linta, na tofali lenyewe ni la chumba hicho, ni mateso. Mara nyingi mkono wangu ulinyanyuka wenyewe kumpokonya mwiko, nikaukalia.

Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyapanga njiani kutoka Geita. Sakafu iwe na mteremko mdogo kuelekea kwenye tundu la maji, usioonekana kwa macho lakini maji yanaujua, maana chumba kile kitaoshwa sana. Pale sakafu inapokutana na ukuta pasiwe na kona kali, paviringwe kwa zege, damu isipate pa kujificha. Madirisha yaanzie juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, upepo uingie lakini wapita njia wasichungulie. Fremu ya mlango isibane hata kidogo, maana mgonjwa aliyebebwa na watu wanne hainamishwi ubavu. Luhende alifanya kila kitu. Hakuniuliza nilivijulia wapi.

Wakaguzi walikuja na gari lao. Mhandisi mmoja akazunguka boma lote anagonga kwa fundo la kidole, akafika kaskazini, akatia pimamaji yake, akaita wenzake waone. Akauliza nani kajenga kona ile. Wanawake wakamsukuma Luhende mbele. Luhende akasema tulikuwa wawili, mhandisi akadhani anamsema saidia fundi, akacheka, akampa mkono. Jengo langu alilisifia pia, lakini mkono hakunipa. Na jina likaganda. Mpaka leo hii ukienda utasikia wanasema fulani amejifungulia chumba cha Baba Kulwa. Luhende hupiga simu Jumapili na kunieleza wangapi wamezaliwa, makusudi kabisa, na mimi humuuliza jicho linaendeleaje, makusudi pia.

Mabati yakaja. Vitanda vikaja, na muuguzi akaletwa, dada mmoja mwembamba aliyepangishwa nyumba ya mwalimu. Sisi tulikuwa bado kwenye umaliziaji. Mimi napiga lipu ukuta wangu wa nje, unaotazamana na chumba kile, Luhende anasawazisha ngazi ya mlangoni. Masika yalikuwa yamechachamaa, barabara ya Kahama imekatika. Na asubuhi moja wakamleta binti mmoja kwa bodaboda, katikati ya dereva na mama yake, uchungu umeshashika. Mume alikuwa anafuata nyuma kwa miguu, kijana mchunga ng'ombe kutoka kitongoji cha mwisho kabisa.

Dada muuguzi akatufukuza mlangoni. Kazi ikasimama. Luhende akaja kukaa na mimi. Ilichukua muda mrefu, na kila binti alipopiga kelele mimi nilikuwa niko kwenye mbuga, nimeshika pembe za ng'ombe. Mchanganyiko wa lipu ukakauka kwenye karai. Luhende alinishika mkono, na nilimwacha aushike.

Kisha mtoto akalia. Akalia kwa hasira, kama amekuta kitu hakukitaka. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni, akasema wote wazima, mama na mtoto. Wanawake walitokea sijui wapi, wakampandisha Luhende mabegani huku wanaimba, na yeye anageuka nyuma ananitafuta kwa jicho lake moja. Nilishangaa kuona kwamba sikujali. Wivu wangu ulikuwa umeshakwenda mahali pengine.

Yule mume kijana tangu afike alikuwa ameketi juu ya rundo la mchanga anabonyeza simu. Akaitwa ndani, akakaa kidogo, akatoka. Alisimama mlangoni anajikuna kichwa. Akaniona mimi ndiye pekee niliyebaki pale, akanijia.

"Shikamoo, fundi," akasema. "Wapi hapa wanauza maandazi? Mke wangu anasema ana njaa."

Nilimtazama. Mke wake ana njaa. Ametumwa maandazi. Na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesumbuliwa kidogo, maana kulikuwa na matope na duka liko mbali. Sijawahi kumwonea wivu mtu yeyote hapa duniani kama nilivyomwonea kijana yule, si Luhende, si mtu mwingine, na sidhani nitakuja kumwona mwingine wa kumzidi.

Nikamwonyesha duka kwa mwiko. Nikamwambia akimbie. Akasema asante, akaondoka anatembea tu, mikono mfukoni.